Curl inapita kwenye proksi, Java haipiti: naombeni msaada, madai ya bima yamekwama

#1 Fundi_Madai (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko kanda ya ziwa, natunza mfumo wa hospitali moja ya ukubwa wa kati. Kila siku mfumo wetu unatuma madai ya bima kwa mshirika wetu kupitia huduma yake ya wavuti ya SOAP (ujumbe wa XML juu ya HTTP). Programu inayotuma niliiandika mwenyewe kwa Java 8, kwa ile JAX-WS, maktaba ya SOAP iliyomo ndani ya JDK, na inakaa kwenye Tomcat (seva ya programu za Java) juu ya Linux. Kwa miaka miwili haikunisumbua, maana seva ile ilikuwa na njia yake ya moja kwa moja kwenda intaneti.

Wiki iliyopita ofisi yetu ya mtandao imefunga njia zote za moja kwa moja. Kila kinachotoka nje sasa kinapitia proksi, yaani seva ya kati inayopitisha maombi. Ni Squid, iko 10.10.4.20 poti 3128, na inadai jina na nenosiri. Uamuzi wenyewe naukubali, mahali penye taarifa za wagonjwa ndivyo inavyotakiwa. Ila tangu Jumanne hakuna dai hata moja lililotoka, foleni imefika 380, na mwisho wa mwezi tusipokuwa tumewasilisha, hospitali haitalipwa kwa wakati.

Nilichofanya mpaka sasa ni kuweka hii kwenye .bashrc:

`export https_proxy=http://madai:SIRI@10.10.4.20:3128`

Nikijaribu kwa mkono:

`curl https://api.mshirika.example/madai?wsdl`

WSDL yote (faili linaloeleza huduma ile) inakuja, safi kabisa. Lakini Tomcat inaandika:

`java.net.UnknownHostException: api.mshirika.example`

Nimewasha upya Tomcat, nimewasha upya seva nzima, hali ni ileile. Anwani za kweli nimezibadilisha hapa, mtanielewa. Nawasilisha.

#2 Kijana_wa_Seva

Mkuu, hilo ni tatizo la DNS. Seva yako haijui jina hilo. Tafuta IP ya huyo mshirika, iandike kwenye /etc/hosts, uwashe upya. Utakuwa umemaliza.

#3 Mzee wa Logi

Fundi, tafadhali usiguse /etc/hosts. Ukiiandika IP pale, ujumbe wa kosa utabadilika kutoka UnknownHost kuwa "Connection timed out", nawe utapoteza siku nyingine ukidhani umepiga hatua.

Tazama kosa lako linasema nini. Programu inayotumia proksi ya HTTP haina haja ya kujua IP ya inakokwenda. Inaiambia proksi jina, na proksi ndiyo inayolitafuta. Kwa hiyo Java yako inapolalamika kwamba haijui jina, imekuonyesha kwamba haijaenda kwenye proksi kabisa. Inajaribu kutoka mlango wa zamani, ambao umefungwa.

Sababu zipo mbili, na zote unazo. Kwanza, JVM (injini inayoendesha Java) haisomi `https_proxy`. Kigezo hicho cha mazingira husomwa na curl, wget, Python na wenzao, ila Java haiko kwenye kundi hilo. Pili, hata ingekuwa inakisoma, Tomcat yako bila shaka inawashwa na systemd, kiwasha huduma cha Linux, na systemd haipiti kwenye .bashrc ya mtu yeyote. Kile unachokiona ukiwa umeingia kwa mkono sicho ambacho huduma inakiona.

Weka hii kwenye bin/setenv.sh ya Tomcat:

```
CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS -Dhttp.proxyHost=10.10.4.20 -Dhttp.proxyPort=3128"
CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS -Dhttps.proxyHost=10.10.4.20 -Dhttps.proxyPort=3128"
CATALINA_OPTS="$CATALINA_OPTS -Dhttp.nonProxyHosts='localhost|127.*|10.*|*.ofisi.local'"
```

Mstari wa tatu usiuache, maana bila huo programu yako itapeleka hata maombi ya kwenu ndani kwenye proksi. Mambo matatu juu yake: kitenganishi ni kile kijiti `|` wala si mkato, nyota inaruhusiwa mwanzoni au mwishoni tu, na hakuna `https.nonProxyHosts`, orodha hiyo moja inatumika kwa vyote viwili. Zile alama moja za nukuu za ndani ziache kama zilivyo, la sivyo shell itakiona kile kijiti kama amri ya kuunganisha programu mbili na Tomcat haitawaka.

#4 Fundi_Madai

Mzee, Mungu akubariki. Nimeweka, na kosa limebadilika:

`java.io.IOException: Unable to tunnel through proxy. Proxy returns "HTTP/1.1 407 Proxy Authentication Required"`

Nikaongeza `-Dhttp.proxyUser=madai` na `-Dhttp.proxyPassword=...`, na za https pia. Hakuna kilichobadilika, ni 407 tu. Nenosiri ni lilelile la curl, nimelinakili herufi kwa herufi.

#5 Mzee wa Logi

Hapo sasa umefika kwenye proksi, na proksi imekujibu. Ni hatua kubwa kuliko unavyodhani.

Hizo `proxyUser` na `proxyPassword` zimezagaa kwenye majibu ya mtandaoni, lakini njia ya kawaida ya HTTP ndani ya JDK haizitazami. Zipo maktaba na programu chache zinazozisoma zenyewe, ndiyo maana watu wanaamini ni za Java. Zitoe, tena haraka: chochote unachoandika baada ya -D kinaonekana na kila mwenye ruhusa ya kupiga `ps` kwenye seva hiyo. Nenosiri lako limekuwa wazi tangu ulipowasha.

JDK inataka umpe Authenticator, mara moja, programu inapoanza:

```
Authenticator.setDefault(new Authenticator() {
  @Override
  protected PasswordAuthentication getPasswordAuthentication() {
    if (getRequestorType() == RequestorType.PROXY
        && "10.10.4.20".equals(getRequestingHost())) {
      return new PasswordAuthentication(jina, siri.toCharArray());
    }
    return null;
  }
});
```

Hayo masharti mawili ndani ya `if` usiyatoe. Bila hayo, seva yoyote ya nje itakayouliza nenosiri itapewa nenosiri la proksi yenu. Nenosiri lenyewe lisome kutoka kwenye faili ambalo mtumiaji wa Tomcat peke yake ana ruhusa ya kulisoma.

#6 Fundi_Madai

Nimefanya yote. Sasa naombeni mnisaidie kuelewa hili: programu ileile, faili lilelile la war (kifurushi cha programu), kwenye kompyuta yangu ya mezani INAPITA. Kwenye seva bado ni 407. Proksi ni moja, jina na nenosiri ni vilevile. Nimekaa mpaka saa 5 usiku na sioni tofauti.

#7 BintiWaSquid

Habari zenu. Mimi ni msimamizi wa mtandao, si mwandishi wa programu, ila Squid naishi nayo. Fundi, mwombe mtu wa mtandao wenu akusomee access.log wakati unajaribu kutoka kila mashine. Leta mistari yote miwili hapa. Na tuambie `java -version` ya kila mashine.

#8 Fundi_Madai

Amenipa. Muda nimeutoa, mengine yako hivi:

```
mezani:  TCP_DENIED/407  CONNECT api.mshirika.example:443  -
mezani:  TCP_TUNNEL/200  CONNECT api.mshirika.example:443  madai
seva:    TCP_DENIED/407  CONNECT api.mshirika.example:443  -
```

Kompyuta ya mezani ina Java 8u91. Seva ina 8u392.

#9 Mzee wa Logi

Jibu lako limo kwenye mistari hiyo mitatu na namba hizo mbili.

Ile 407 ya kwanza ya kompyuta ya mezani si kosa. Java huenda kwanza bila kitambulisho, proksi inaikatalia na kuitajia aina za utambulisho inazozikubali, kisha Java inarudi na jina. Ndiyo maana mstari wa pili una neno "madai" mahali palipokuwa na kistari. Seva yako imeambiwa "jitambulishe", na haikurudi. Imeondoka.

Haikurudi kwa sababu imekatazwa. Kuanzia 8u111, ya Oktoba 2016, JDK imezima utambulisho wa Basic pale inapojenga handaki la HTTPS kupitia proksi. Upo mstari kwenye net.properties, faili la mipangilio ya mtandao ya Java:

`jdk.http.auth.tunneling.disabledSchemes=Basic`

Kompyuta yako ya mezani ina Java ya kabla ya hapo, kwa hiyo inapita. Walikuwa na sababu nzuri: kati ya programu na proksi hakuna usimbaji wowote, na Basic ni Base64 tu, mtu yeyote anayesikiliza kwenye mtandao wenu wa ndani anaigeuza kwa sekunde moja. Na wewe 8u91 itoe leo hii, imeachwa nyuma kwa miaka mingi ya marekebisho ya usalama.

Kulifungua ni kuongeza hii kwenye setenv.sh, thamani ikiwa tupu:

`-Djdk.http.auth.tunneling.disabledSchemes=`

Usihariri net.properties yenyewe. Sasisho lijalo la Java linaweza kuliandika upya faili hilo, na utarudi hapahapa mwakani ukiwa umesahau. Ila kabla ya kufungua, ongea na watu wa mtandao wenu. Ukifungua, nenosiri hilo linasafiri wazi kila ombi.

#10 Kijana_wa_Seva

Mzee nimekuelewa, na ushauri wangu wa /etc/hosts naufuta. Swali: kama mawasiliano ni HTTPS, si kila kitu kimefumbwa? Nenosiri linaonekanaje?

#11 Mzee wa Logi

Swali zuri, na ukilielewa hili, mengine yote ya proksi yananyooka.

Ombi la HTTPS kupitia proksi lina mazungumzo mawili, moja ndani ya jingine. La kwanza ni kati ya programu na proksi, nalo ni maandishi ya wazi:

```
CONNECT api.mshirika.example:443 HTTP/1.1
Host: api.mshirika.example:443
Proxy-Authorization: Basic bWFkYWk6...
```

Proksi ikiridhika inafungua njia hadi kule, ndilo handaki lenyewe, na kujibu 200. Kuanzia hapo haizungumzi tena, inapitisha baiti tu kwenda na kurudi. Ndani ya njia hiyo ndipo TLS, ule usimbaji wa HTTPS, inapoanza, kati ya programu yako na seva ya mshirika, na SOAP yako inasafiri humo. Nenosiri la proksi liko kwenye mazungumzo ya kwanza, nje ya TLS. Kwa hiyo linaonekana.

Na ndiyo maana kwenye `https_proxy` tunaandika `http://10.10.4.20:3128`. Ile http ya mwanzo inaeleza unavyozungumza na proksi, haihusu unakokwenda. Wengi wanaandika https:// pale kwa sababu jina la kigezo lina https, na programu inajaribu TLS na proksi isiyoijua TLS.

#12 Fundi_Madai

Wakuu, nimeongea na ofisi ya mtandao, wameniruhusu kufungua kwa muda wakati tunatafuta njia bora. Nimeongeza kile kigezo, na WSDL imepakuliwa! Programu imewaka bila kosa.

Nikaanza kutuma dai la kwanza:

`Unable to tunnel through proxy. Proxy returns "HTTP/1.1 403 Forbidden"`

Nikampigia simu mshirika, nikamwambia wametunyima ruhusa. Wameangalia kwao, wanasema hakuna dai lolote kutoka kwetu leo. Nimejikuta nabishana nao bure. WSDL inatoka kwao, kwa hiyo njia ipo. 403 inatoka wapi?

#13 BintiWaSquid

Inatoka kwenu. Soma kosa lenyewe: "Proxy returns". Handaki halijasimama, kwa hiyo seva ya mshirika haikupata hata nafasi ya kukukatalia. Wako sahihi.

Fungua ile WSDL uliyoileta kwa curl, shuka hadi chini kabisa, utafute `soap:address`. Utuandikie kilichopo.

#14 Fundi_Madai

`<soap:address location="https://api.mshirika.example:8443/madai"/>`

Poti 8443. Sikuwahi kuitazama.

#15 BintiWaSquid

Ndiyo hiyo. WSDL yako inapakuliwa kutoka 443, lakini ndani yake inaelekeza wito wenyewe upelekwe 8443. Zamani hukuona tofauti kwa sababu njia ilikuwa wazi kote. Squid inakuja na kanuni hizi kwenye mpangilio wake wa kawaida:

```
acl SSL_ports port 443
http_access deny CONNECT !SSL_ports
```

Maana yake: handaki la kwenda poti yoyote isiyo 443 linakataliwa. Ni kinga muhimu. Bila kanuni za aina hii, mtu aliye ndani anaweza kuitumia proksi kufikia poti ya barua pepe au ya SSH mahali popote duniani.

Wengi hapa huongeza `acl SSL_ports port 8443` na kwenda zao. Inafanya kazi, lakini umeifungulia hospitali nzima poti 8443 kwenda popote. Mimi ningependekeza kwa ofisi yenu hivi:

```
acl seva_madai src 10.10.7.15
acl huduma_madai dstdomain api.mshirika.example
acl poti_madai port 443 8443
http_access allow CONNECT seva_madai huduma_madai poti_madai
```

Squid inasoma http_access kutoka juu kwenda chini na inasimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Kwa hiyo mstari huo wa mwisho ukae JUU ya `deny CONNECT !SSL_ports`, na juu ya ile kanuni inayodai utambulisho. Kisha `squid -k parse` ili kuona kama hakuna kosa la maandishi, halafu `squid -k reconfigure`. Hakuna haja ya kuizima Squid na kuiwasha upya.

Na hapo utapata faida ya pili ambayo ndiyo hasa ninayoitaka kwako: seva hiyo haitaulizwa nenosiri tena. Utatoa Authenticator, utatoa kile kigezo cha disabledSchemes, na hakutakuwa na siri inayosafiri wazi.

#16 Kijana_wa_Seva

Dada, IP si mtu anaweza kujipa? Akichukua 10.10.7.15 atapita bila nenosiri.

#17 BintiWaSquid

Anaweza, kama ameshaingia kwenye mtandao wa seva. Lakini atafika wapi? Kwenye huduma moja, poti mbili, ambayo nayo ina utambulisho wake ndani ya TLS. Linganisha na nenosiri la Basic: akilisikia mara moja, anapita kutoka mashine yoyote kwenda tovuti yoyote inayoruhusiwa. Kwa programu inayofanya kazi yenyewe usiku kucha bila mtu, naona kanuni finyu ya IP na anwani ni bora kuliko nenosiri la pamoja. Kwa kompyuta za watu, hapana, hapo utambulisho wa mtu mmoja mmoja unabaki.

#18 Mwana_Pwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nimeweka kambi kwenye uzi huu tangu jana, kwa sababu yangu ni .NET na ugonjwa ni uleule. Programu ya WCF (njia ya .NET ya huduma za wavuti) ikiendeshwa nami kwa mkono inapita, ikiendeshwa kama huduma ya Windows inapata 407. Nina hii:

```
<system.net>
  <defaultProxy useDefaultCredentials="true">
    <proxy proxyaddress="http://10.20.1.5:8080" usesystemdefault="false" bypassonlocal="true" />
  </defaultProxy>
</system.net>
```

#19 Mzee wa Logi

`useDefaultCredentials` ina maana ya kitambulisho cha yule anayeendesha programu. Ukiiendesha wewe, ni wewe. Ikiendeshwa kama huduma, ni akaunti ya huduma, na kama ni LocalSystem basi proksi inaona akaunti ya kompyuta, si ya mtu. Ombeni akaunti ya huduma kwenye domeni yenu, iruhusiwe kwenye proksi, na huduma iendeshwe kwa akaunti hiyo.

La pili: `bypassonlocal` inaruka proksi hasa kwa majina yasiyo na nukta. Huduma ya ndani uliyoiandika kwa IP, au kwa jina refu lenye nukta, inaweza kupelekwa kwenye proksi. Hizo ziorodheshe kwenye `bypasslist`.

#20 Mwana_Pwani

Ilikuwa LocalSystem, kweli. Wamenipa akaunti mpya na imepita mara moja. Nashukuru sana mzee wangu.

#21 Nesi_wa_Data

Mimi natumia Python na zeep, maktaba yake ya SOAP. Niliweka `session.proxies` na anwani ya proksi mpya, lakini logi inaonyesha bado inaenda proksi ya zamani. Nimehakikisha msimbo mpya ndio unaoendeshwa.

#22 Mzee wa Logi

Kwenye requests, ambayo zeep inakaa juu yake, vigezo vya mazingira vina nguvu kuliko `session.proxies`. Kuna `HTTPS_PROXY` ya zamani imebaki mahali fulani, labda kwenye faili la unit la systemd. Ama uisahihishe pale, ama uweke `session.trust_env = False` ili mazingira yasisomwe kabisa. Hiyo session uipe `Transport` ya zeep kabla ya kuunda Client, kwa sababu Client akizaliwa tu anakwenda kupakua WSDL.

Na kama nenosiri lina alama ya @ ndani yake, kwenye anwani iandike %40. Bila hivyo kila kilicho baada ya @ ya kwanza kinaweza kusomwa kama jina la seva.

#23 Kijana_wa_Seva

Kwa wa PHP naomba nichangie, maana hili lilinikuta. SoapClient ina `proxy_host`, `proxy_port`, `proxy_login` na `proxy_password`. Nilidhani nimefaulu kwa sababu WSDL ilisomeka bila shida. Kumbe ilikuwa inasomwa kutoka kwenye akiba: PHP hutunza WSDL kwa sekunde 86400, yaani siku nzima, kwa mpangilio wa kawaida. Kesho yake ndipo kila kitu kikafa. Mnapojaribu, wekeni `'cache_wsdl' => WSDL_CACHE_NONE` kwanza.

#24 Mzee wa Logi

Huo ni mchango wa maana sana, Kijana.

Na kwa ajili ya hilohilo, Fundi, wewe WSDL yako iweke ndani ya war, uisome kutoka kwenye classpath. Hakuna sababu ya programu yako kushindwa kuwaka asubuhi eti kwa kuwa seva ya mtu mwingine imelala. Anwani ya huduma iweke kwenye mpangilio wako mwenyewe kwa `BindingProvider.ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY`, ili siku nyingine poti isijifiche ndani ya faili usilolitazama.

#25 Fundi_Madai

Nimeandika barua pepe ofisi ya mtandao nikiwa na kanuni za BintiWaSquid. Nasubiri. Wakati huo nimeweka WSDL ndani.

Naomba pia niulize: wenzangu wanasema nikipata `PKIX path building failed` (Java haikiamini cheti cha seva) nizime uhakiki wa cheti. Bado sijaipata, ila nataka kujiandaa.

#26 BintiWaSquid

Usizime. Ukizima, umekubali mtu yeyote ajifanye mshirika wako, na taarifa za wagonjwa zimo humo.

Ukiipata kosa hilo baada ya kuhamia proksi, maana yake mara nyingi ni kwamba proksi au fayawoli inafungua TLS katikati na kuifunga upya kwa cheti chake. Hakiki kwa:

`openssl s_client -proxy 10.10.4.20:3128 -connect api.mshirika.example:8443 -servername api.mshirika.example`

Tazama palipoandikwa issuer. Ukiona jina la ofisi yenu badala ya mtoaji wa vyeti anayejulikana, ndiyo hivyo. Hapo ama unaomba huduma hiyo isifunguliwe, na kwa madai ya wagonjwa ningelisimamia hilo, ama unaongeza cheti cha ofisi kwenye hifadhi ya vyeti ya Java. Usiongeze ndani ya cacerts ya JDK yenyewe: nakili cacerts mahali pengine, ongeza kwa keytool, kisha uelekeze kwa `-Djavax.net.ssl.trustStore`. Na kama huduma inakutaka wewe nawe uonyeshe cheti chako, hakuna njia ya kufunguliwa katikati. Lazima ipitishwe bila kuguswa.

#27 Mzee wa Logi

Kabla foleni haijaanza kutoka, Fundi, nisikilize kwa hili moja, maana linahusu pesa.

JAX-WS iliyomo kwenye JDK 8 haina ukomo wa kusubiri usipouweka. Weka kwenye request context:

```
com.sun.xml.internal.ws.connect.timeout
com.sun.xml.internal.ws.request.timeout
```

kwa milisekunde. Ukiweka JAX-WS ya nje, neno `internal` linatoka. Na ukihamia Java 11 utalazimika kuiweka ya nje, kwa kuwa ya ndani iliondolewa.

Sasa muda ukiisha, unatuma dai tena au hutumi? Hapo ndipo unajiuliza nani amejibu. Kosa likiwa "Unable to tunnel", iwe 407, 403 au 503, handaki halikusimama. Dai halikufika. Tuma tena bila hofu. Lakini handaki likisha kusimama na muda ukaisha wakati unasubiri jibu, hujui. Huenda dai limefika, limeandikwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukituma tena bila kuuliza, mgonjwa mmoja atakuwa na madai mawili, na mkaguzi ataita hilo udanganyifu. Hayo yatenge pembeni, uulize hali yake kwa namba ya dai kwanza kabla ya kurudia.

Foleni ya madai 380 ni mahali pabaya pa kujifunzia hili.

#28 Fundi_Madai

Mzee, programu yangu ilikuwa inarudia mara tatu kwa kosa lolote lile. Nimeizima sasa hivi. Naandika upya sehemu hiyo usiku huu.

#29 Fundi_Madai

Wakuu, mrejesho.

Ofisi ya mtandao wamekubali kanuni za BintiWaSquid, wamezikagua, wameziweka leo saa 8 mchana. Nimetoa Authenticator, nimetoa disabledSchemes, nimefuta nenosiri kwenye .bashrc, na wamebadilisha nenosiri lenyewe kwa kuwa lilishaonekana kwenye `ps`. Kwenye setenv.sh imebaki mistari mitatu ya Mzee wa Logi, basi.

Nilituma dai moja kwanza, nikasubiri namba ya kupokelewa, nikampigia mshirika akalithibitisha kwake. Kisha kumi. Kisha yote. Sita yaliisha muda baada ya handaki kusimama; nimeuliza hali yake moja moja, manne yalikuwa yamepokelewa. Kwa programu yangu ya zamani yangeingia mara mbili.

Logi ya proksi sasa iko hivi, mstari baada ya mstari:

`TCP_TUNNEL/200  CONNECT api.mshirika.example:8443  -`

Foleni imefika sifuri saa 12:20 jioni. Mhasibu alikuwa bado ofisini, nimeshuka kumwambia mwenyewe.